Chanjo ya Malaria: Kazi ya Chuo Kikuu Iliyopimwa Vijijini

Hapana haja ya kumweleza mkaaji wa Kilifi, wala wa Kisumu, wala wa Bagamoyo, habari za homa ya malaria. Ameijua tangu utotoni: baridi kali wakati wa jua, kisha moto wa mwili, kisha jasho, kisha unyonge wa siku nyingi. Na kina mama waijua zaidi, maana mara nyingi ndiyo iletayo ile hali ya mtoto kukakamaa na kugeuza macho iitwayo degedege, ambayo wazee wengi wa pwani waliisema kuwa ni kazi ya ndege apitaye usiku juu ya nyumba. Katika mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu waliougua malaria ulimwenguni walikuwa yapata milioni 263, na waliokufa walikuwa 597,000. Katika kila vifo 100 vya ugonjwa huo, 95 vilikuwa katika bara la Afrika, na kiasi cha robo tatu ya waliokufa hapa Afrika walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Basi msomaji aweza kuuliza swali la haki. Chanjo ya ndui ilijulikana tangu mwaka 1796. Watoto wetu wamechanjwa kwa ajili ya surua, pepopunda, kifaduro na polio kwa miaka mingi. Kwa nini chanjo ya kwanza ya malaria ikangoja mpaka mwaka 2021 ndipo ikapendekezwa kwa watoto wa Afrika? Wako wasemao kwamba sababu ni moja tu, nayo ni kwamba maradhi haya yawapata maskini, na kampuni za dawa hazioni faida ndani yake. Neno hilo si la uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika kidudu chenyewe, ambacho ni mjanja kuliko adui wengi wa mwili. Tutaeleza hapa jinsi Chuo Kikuu cha Oxford kilivyomshughulikia adui huyo hata ikapatikana chanjo iitwayo R21, na sehemu waliyoifanya watoto wa Kilifi, wa Bagamoyo na wa nchi nyingine katika kuipima.

MAANA YA KUCHANJA

Neno "kuchanja" ni la zamani kwetu. Twachanja kuni, na waganga wetu walichanja ngozi kwa wembe na kutia dawa katika jeraha. Chanjo ya hospitali imechukua jina hilo kwa sababu chanjo ya ndui nayo ilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Lakini kazi yake ni mbali na ile ya dawa. Dawa humpiga adui aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba. Chanjo haimpigi mtu yeyote. Huwafundisha askari wa mwili kumtambua adui kabla hajaja, kwa kuwaonyesha sura yake au kipande cha nguo yake. Siku akija kweli, wamjua, nao humshika mlangoni.

Mtu aliyeanza kazi hii kwa njia ya kitaalamu ni Mwingereza Edward Jenner, daktari wa mashamba. Yeye aliona kwamba wanawake wakamuao ng'ombe, wakiisha kupata ndui hafifu ya ng'ombe, hawapati ndui ya watu. Mnamo Mei 1796 alimchanja mtoto wa kiume kwa maji ya kipele cha ndui ya ng'ombe, na mtoto huyo hakushikwa na ndui. Mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoenea yenyewe alionekana Merca, katika nchi ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Idara ya Oxford itengenezayo chanjo inaitwa Jenner Institute kwa kumkumbuka daktari huyo.

Kirusi cha ndui, hata hivyo, ni adui mwenye sura moja. Aliyepona ndui hakuipata tena. Nani kati yetu ameugua malaria mara moja tu?

KIDUDU CHENYE SURA NYINGI

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliyekuwa akifanya kazi Algeria, alikiona kidudu cha malaria kwa darubini katika damu ya mgonjwa. Mpaka hapo watu walidhani homa hiyo yatoka katika hewa ya vinamasi, na hata jina lenyewe, malaria, kwa Kitaliano maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi huko India, alimpasua mbu akakiona kidudu hicho ndani ya tumbo lake. Tangu hapo yalijulikana yote mawili, ugonjwa na mchukuzi wake, na watu wengi wakadhani mwisho wa malaria umekaribia.

Haikuwa hivyo. Mbu jike aitwaye anofelesi akimwuma mtu, humwingizia vidudu vichache, vyembamba kama nyuzi. Hivyo havikai katika damu. Kwa muda usiozidi saa moja hivi huwa vimekwisha kufika katika ini na kujificha humo. Kwa kadiri ya juma moja mtu hajisikii kuumwa hata kidogo, naye alima shamba lake na kula chakula chake, kumbe ndani ya ini kidudu kimoja chajizidisha hata kuwa makumi ya elfu. Kisha vyatoka kwa sura nyingine kabisa, vyaingia katika chembe nyekundu za damu, vyazaana humo na kuzipasua. Kila zipasukapo ndipo mtu atetemekapo kwa baridi na kuwaka moto. Tena baadhi yao hugeuka sura mara ya tatu, vikangoja kunyonywa na mbu mwingine ili safari ianze upya.

Basi askari wa mwili aliyefundishwa kuitambua sura ya ngozini haijui sura ya ndani ya damu. Na urithi wa kidudu hiki, yaani zile amri ndogo ndogo zilizoandikwa ndani ya kila kiumbe, una sehemu zaidi ya 5,000, hali kirusi cha ndui kina kama 200 tu. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya habari tuliyoitaja.

PANYA WA NEW YORK

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mwanamke. Ruth Nussenzweig alizaliwa Vienna. Jamaa zake walikimbilia Brazil wakati Wayahudi walipoteswa, naye akasoma udaktari huko, kisha akafanya utafiti katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitangaza habari iliyowashangaza wengi. Walichukua vidudu vya malaria ya panya kutoka katika mate ya mbu, wakavipiga kwa miali ileile itumikayo hospitalini kuonyesha mifupa, hata vikadhoofika visiweze kuzaana. Wakawadunga panya vidudu hivyo dhaifu. Baadaye walipowatia vidudu vyenye nguvu, panya wengi hawakuugua.

Mnamo mwaka 1973 Dkt. David Clyde wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ambaye zamani alikuwa mtaalamu wa malaria katika nchi ya Tanganyika, alionyesha kwamba jambo hilo lawezekana kwa mwanadamu pia. Lakini ilikuwa ni lazima mtu aumwe na mbu wengi sana waliopigwa miali, mara nyingi na tena mara nyingi. Nani angeweza kufuga mbu wa kutosha watoto wote wa Nyanza?

Ndipo wataalamu wakauliza: askari wa mwili wamekitambua kidudu kwa alama gani? Ikaonekana kwamba kidudu cha mate ya mbu kimevaa vazi la protini moja, nalo lina mafungu yaliyorudiwarudiwa kama shanga katika uzi. Mwaka 1984 ile amri ya urithi itengenezayo vazi hilo ilisomwa. Tangu hapo haikuwa lazima kumchukua mbu wala kidudu. Ilitosha kutengeneza kipande cha vazi peke yake.

Mwaka 1987 kampuni ya dawa, katika kiwanda chake cha Ubelgiji, pamoja na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, zilitengeneza chanjo ya namna hiyo, ikaitwa RTS,S. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba watu wazima 7 waliojitolea walipewa namna moja ya chanjo hiyo, wakaumwa na mbu wenye vidudu, na 6 kati yao hawakuugua. Baada ya miaka mingine mingi ya kupima, chanjo hiyo ilipelekwa kwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika, miongoni mwao wa Kilifi, Siaya na Kombewa hapa Kenya, na wa Bagamoyo na Korogwe huko Tanzania. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata sindano zote nne, homa za malaria zilipungua kwa kiasi cha 36 kwa mia katika miaka minne. Si ushindi mkubwa ukitazama hesabu peke yake. Lakini kwa ugonjwa urudio mara kwa mara katika mtoto mmoja, theluthi moja ni watoto wengi mno.

OXFORD YAANGUKA NA KUINUKA

Watu wa Oxford walikuwa wakitafuta njia yao wenyewe chini ya Profesa Adrian Hill, mtu wa Ireland. Moja ya chanjo zao za awali ilikusudiwa kuvipiga vidudu vikiisha kuingia ndani ya ini. Ilionekana njema sana katika Uingereza. Ikaletwa Kilifi, ikapimwa kwa watoto 405 wenye umri wa mwaka mmoja hadi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, nayo yalikuwa mafupi: haikuwakinga. Watoto waliochanjwa waliugua sawasawa na wenzao.

Kwa maoni yangu, habari hiyo yastahili kujulikana zaidi kuliko ijulikanavyo. Watu hudhani kwamba mtaalamu huja kijijini na dawa aliyokwisha kuiamini, akatafuta tu watu wa kuishuhudia. Ingalikuwa hivyo, habari ya Kilifi ingalifichwa. Badala yake ilitangazwa kwa ulimwengu wote, na miaka mingi ya kazi ikawekwa kando.

Kisha wakarudi kwenye lile vazi la protini. Chanjo ya RTS,S imetengenezwa kwa kuunganisha kipande cha vazi la malaria na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, ili zijikusanye kuwa viduara vidogo mno. Lakini katika kila viduara hivyo sehemu kubwa ni protini ya homa ya ini, na ya malaria ni chache, kama mchele kidogo katika sufuria ya maharagwe. Wataalamu wa Oxford waliunda viduara ambavyo kila kipande chake kina vazi la malaria. Hiyo ndiyo R21. Askari wa mwili huona malaria zaidi, na kipimo cha sindano kimekuwa kidogo zaidi.

Protini hiyo haitolewi katika damu ya mtu wala ya mnyama. Hutengenezwa na vijimea vya jamii ya hamira, vilivyotiwa ile amri ya urithi na kukuzwa ndani ya mapipa makubwa. Kisha huchanganywa na kitu cha kuwaamsha askari wa mwili, ambacho hutokana na gome la mti wa Chile. Wenyeji wa huko wamelitumia gome hilo tangu zamani kama sabuni, kwa kuwa latoa povu. Basi ndani ya sindano hamna kidudu cha malaria, kizima wala kilichokufa, na chanjo hii haiwezi kumpa mtoto malaria. Iwezayo kuleta ni maumivu mahali palipodungwa na homa ya siku moja au mbili. Mara chache homa hiyo huleta degedege, na kwa hiyo mama huambiwa amwangalie mtoto na kumrudisha zahanati akiona jambo lisilo la kawaida.

SHAMBA MBILI ZA MAHINDI

Sasa twafika katika jambo linalowatia watu wengi wasiwasi, nalo ni neno "majaribio". Mzazi asikiapo kwamba mtoto atatiwa katika majaribio, moyo wake huruka. Hufikiri juu ya panya. Tena hushangaa asikiapo kwamba watoto wengine hupewa chanjo ya malaria na wengine hawapewi, na kwamba hata muuguzi hajui ni nani amepewa nini.

Mkulima atalielewa jambo hili upesi kuliko karani. Ukitaka kujua kama mbolea fulani yafaa, hutaitia katika shamba lote, kwa maana mavuno yakiwa mema hutajua kama ni mbolea au ni mvua ya mwaka ule. Utagawa shamba moja mafungu mawili, udongo uleule, mbegu ileile, siku moja ya kupanda. Fungu moja litiwe mbolea na la pili lisitiwe. Na mpimaji wa magunia asiambiwe ni lipi, asije akashindilia gunia la upande aupendao. Watoto hugawanywa kwa kura kwa sababu hiyohiyo. Mama ajuaye kwamba mwanawe amechanjwa aweza kulegea katika habari ya chandarua. Daktari ajuaye aweza kuona malaria pale asipotaka kuiona au asiione pale ilipo.

Lakini mtoto si hindi. Kwa hiyo yako masharti. Kabla ya kumgusa mtoto yeyote wa Afrika, chanjo ya R21 ilipimwa kwa panya, kisha kwa watu wazima wa Uingereza waliojitolea, na baadhi yao waliumwa kwa makusudi na mbu wenye vidudu, wakapewa dawa mara vidudu vilipoonekana katika damu. Kamati za nchi yenyewe hazina budi kutoa ruhusa. Mzazi huelezwa kwa lugha yake na kutia sahihi au alama ya kidole, naye ana haki ya kumwondoa mtoto siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu. Na hao watoto wa fungu la pili hawakudungwa maji matupu. Walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haizuii malaria, ila ni kinga ya kweli kwa maradhi ambayo yakiisha kudhihirika hayana tiba. Aliyeugua malaria, wa fungu lolote, alitibiwa.

Kwa njia hiyo R21 ilipimwa kwanza kwa watoto 450 katika mji wa Nanoro, nchi ya Burkina Faso, chini ya Profesa Halidou Tinto. Habari iliyochapishwa mwaka 2021 ilisema kwamba katika kundi lililopewa kipimo kikubwa cha ile dawa ya gome la mti, malaria ilipungua kwa 77 kwa mia katika mwaka mmoja. Hakuna chanjo ya malaria iliyokuwa imefika hapo.

Watoto 450, hata hivyo, ni wachache kwa neno zito hivyo. Ikafuata kazi kubwa zaidi, ya watoto kama 4,800 wenye umri wa miezi 5 hadi 36, mahali patano: Nanoro na Dandé katika Burkina Faso, Bougouni katika Mali, Kilifi katika Kenya, na Bagamoyo katika Tanzania. Kilifi kazi ilifanywa katika kituo cha utafiti kilichokuwako tangu mwaka 1989, na Bagamoyo na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Waliopima ni Waafrika kwa sehemu kubwa, na jambo hilo lafaa kusemwa, maana bado wako wadhanio kwamba utafiti wa namna hii hufanywa na wageni waletwao kwa ndege.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Mahali ambapo malaria huja kwa majira, na watoto walichanjwa kabla ya mvua, malaria ilipungua kwa 75 kwa mia katika mwaka wa kwanza. Mahali ambapo malaria iko mwaka mzima, na watoto walichanjwa wakati wowote, ilipungua kwa 68 kwa mia. Hesabu hii yapasa kusomwa vizuri. Haina maana kwamba watoto 75 hawataugua kamwe na 25 hawakufaidika hata kidogo. Maana yake ni hii: ikiwa kundi la watoto wasiochanjwa walishikwa na malaria mara 100 kwa mwaka, kundi lingine lililo sawa nalo, likichanjwa, lilishikwa kama mara 25.

Tarehe 2 Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza R21. RTS,S ilikuwa imependekezwa miaka miwili kabla, tarehe 6 Oktoba 2021, baada ya kutumika katika Malawi, Ghana na Kenya tangu mwaka 2019. Na katika nchi hizo tatu vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya maradhi ya kila namna, vilipungua kwa 13 kwa mia. Lakini RTS,S ilikuwa haba. Katika mwaka 2023 ziligawanywa sindano milioni 18 kwa nchi 12, nazo zilikuwa za kutumika mpaka mwaka 2025. R21 ilikabidhiwa kiwanda cha Serum Institute kilichoko Pune, nchi ya India, ambacho kilisema kwamba chaweza kutengeneza sindano milioni 100 kwa mwaka, kwa bei ya dola 2 hadi 4 kila moja. Hapo ndipo lile swali la fedha lilipopata jibu lake. Chuo kikuu ambacho hakiuzi dawa kiliichora chanjo, na kiwanda cha nchi iliyoijua malaria yenyewe kikaitengeneza kwa wingi. Mwezi wa Julai 2024 Côte d'Ivoire ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kuwachanja watoto wake kwa R21 katika zahanati za kawaida.

SINDANO YA NNE

Chanjo zote mbili zina udhaifu mmoja, na ni afadhali kuusema wazi. Nguvu yake hupungua kwa muda. Katika Kilifi watoto 447 walifuatwa kwa miaka saba baada ya utafiti wa RTS,S, na fungu lililochanjwa lilikuwa limepewa sindano tatu tu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kinga ya kiasi cha 36 kwa mia katika mwaka wa kwanza, lakini kufika mwaka wa nne ilikuwa imeshuka hata karibu 2 na nusu kwa mia. Walioongoza kazi hiyo ni pamoja na Dkt. Ally Olotu, mtu wa Afrika ya Mashariki. Askari wa mwili waliofundishwa mara tatu walikuwa wamesahau.

Kwa upande mwingine, watoto wa Nanoro walipewa sindano ya nne ya R21 baada ya mwaka mmoja. Katika wale waliopata kipimo kikubwa cha dawa ya gome, kinga ilirudi, ikawa kiasi cha 80 kwa mia kwa mwaka uliofuata.

Hapa ndipo kazi yote ya miaka hamsini na zaidi, ya panya wa New York na mapipa ya Pune, hushikwa na mkono wa mama mmoja na kadi ya kliniki. Sindano tatu za kwanza huja karibukaribu. Kenya ilipoanza kutumia RTS,S katika kaunti 8 za Magharibi na za kandokando ya Ziwa Victoria, ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9, kisha 24. Mwezi wa tisa mama huenda zahanati kwa sababu ya chanjo ya surua. Lakini mtoto wa miezi 24 si mtoto wa kliniki tena machoni pa watu wengi. Hutembea, hula ugali, huenda huenda amepata mdogo wake. Mama amerudi shambani au sokoni, na zahanati iko mbali. Katika nchi zote tatu zilizoanza, waliopata sindano ya kwanza walikuwa wengi, na waliorudi kwa ya nne walikuwa wachache kuliko hao. Na mtoto aliyekosa tarehe yake hajafukuzwa: apelekwe hata kama amechelewa, muuguzi atatazama kadi na kusema lifanywalo.

Chandarua nacho kisiondolewe. Hata mahali pale palipoonekana kinga ya 75 kwa mia, robo ya homa ilibaki, na chandarua kilikuwa kikisaidia watoto wa mafungu yote mawili wakati wa kupimwa. Mtoto aliyechanjwa akipata homa, apelekwe kupimwa damu kama mwingine yeyote.

Huko Oxford kazi haijasimama. Kwa kuwa R21 yamngoja adui katika njia fupi ya kutoka ngozini mpaka ini, kidudu kimoja tu kikiponyoka chatosha kuleta homa. Profesa Simon Draper na wenzake wametengeneza chanjo nyingine, RH5.1, ambayo yangoja katika mlango wa pili, pale vidudu vitakapo kuingia katika chembe nyekundu za damu. Nayo pia ilipelekwa Nanoro, kwa watoto 361 wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba malaria ilipungua kwa 55 kwa mia katika miezi sita, kwa watoto ambao sindano yao ya tatu ilicheleweshwa kidogo. Nia yao ni kuziunganisha chanjo hizi mbili, ili kidudu kikiupita mlango wa kwanza kikute wa pili umefungwa.